Kuala Lumpur hadi Bangkok: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Kwa ndege, Kuala Lumpur na Bangkok zimeachana kwa takriban kilomita 1,200. Ratiba nyingi huonyesha safari ya saa mbili na dakika kumi hivi, ukihesabu na muda wa ndege kutembea uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua. Usipange siku yako kwa hesabu hiyo peke yake.

Malaysia iko mbele ya Thailand kwa saa moja. Ukiondoka saa 4:00 asubuhi utafika kama saa 5:10 kwa saa za Bangkok, na kwenye tiketi safari itaonekana fupi mno. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: ukitoka saa 7:00 mchana, utafika karibu saa 10:15.

Bangkok ina viwanja viwili, kwa hiyo kabla ya kulipa, tazama herufi tatu za uwanja kwenye tiketi. BKK ni Suvarnabhumi, uliofunguliwa 2006. DMK ni Don Mueang, uwanja wa zamani unaotumiwa zaidi na ndege za bei nafuu. Kwa barabara, kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni zaidi ya kilomita 40, na foleni za Bangkok hazina huruma. Kama una ndege nyingine ya kuunganisha, tafuta tiketi zote mbili za uwanja uleule, hata ukilipa zaidi kidogo. Ile nafuu ya bei huweza kuishia kwenye teksi.

Upande wa Kuala Lumpur, uwanja uko Sepang, nje kabisa ya jiji. Treni ya KLIA Ekspres kutoka KL Sentral, kituo kikuu cha treni cha jiji, huchukua dakika 28 hadi Terminali 1 na dakika 33 hadi Terminali 2, zinakoondokea ndege za shirika la AirAsia. Anayetoka Afrika Mashariki na kuunganisha hapo kwa tiketi mbili tofauti ajue kwamba atapita uhamiaji, achukue begi lake, kisha aanze upya kaunta. Ajiachie nafasi ya saa nne au tano.

Thailand inataka fomu ya kuwasili ijazwe mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Utaratibu huo ulianza Mei 2025 na fomu ni bure, kwa hiyo tovuti yoyote inayokudai pesa iache. Wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo wabebe pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Iwe mkononi pamoja na pasipoti, maana kadi iliyo ndani ya begi kubwa haikusaidii ukiwa kwenye dawati la afya.

Ukiweza kuchagua, chukua ndege ya asubuhi. Mvua za radi za Kuala Lumpur hupenda kushuka alasiri, na ndege hukaa chini zikisubiri.