Jambo Dogo Moja kwa Siku Wakati wa Majonzi

Mtu aliyefiwa, au aliyepoteza kile alichokijengea maisha yake, mara nyingi hungoja nguvu zirudi ndipo aanze kufanya jambo, ilhali kwa kawaida nguvu hizo hufuata tendo badala ya kulitangulia. Kwa hiyo, chagua kila asubuhi jambo moja dogo linaloweza kukamilika, kama vile kuoga, kutandika kitanda au kumjulia hali mgonjwa, na jioni uliandike mahali utakapoliona tena, kwa sababu akili yenye huzuni hukumbuka upesi yaliyoshindikana na kuyasahau yaliyofanyika. Binafsi naona jambo linalomfaa mtu mwingine ndilo bora zaidi, maana hisia ya kutokuwa na thamani hudhoofika pale mtu anapoona kwamba bado anahitajika.

Usijilaumu ukicheka, au ukiusahau msiba kwa saa nzima. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili uchungu wake na kuyashughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba anahitaji pande zote mbili. Kuacha kulia kwa muda si kumsaliti aliyeondoka.

Iwapo mawazo ya kutaka kufa yanakujia, usiyabebe peke yako hata kwa usiku mmoja: mwambie waziwazi mtu unayemwamini, na umwombe akae nawe hadi mtakapofika kwa daktari au mshauri nasaha.