Simu inapopewa anwani ya kompyuta: anza na chaguo la 60

Ukigawa anwani kwa aina ya kifaa kwenye seva ya Kea (programu ya DHCP, inayovipa vifaa anwani za mtandao), simu za mezani za IP huku na kompyuta kule, halafu simu ikaibuka na anwani ya kompyuta, usikimbilie kubadilisha mafungu ya anwani. Kwanza sikiliza kifaa chenyewe kinajitambulishaje, kwa tcpdump, programu ya kunasa mawasiliano ya mtandao:

tcpdump -vni eth0 port 67 or port 68

Badilisha eth0 iwe jina la kadi yako ya mtandao, kisha zima simu na uiwashe. Kwenye ombi lake tafuta mstari wa Vendor-Class, yaani chaguo la 60, sehemu ya ombi la DHCP ambamo kifaa hutaja aina yake. Windows hujiita "MSFT 5.0". Vifaa vingi vidogo vya Linux husema "udhcp" kikifuatiwa na namba ya toleo, na hapo ndipo watu wengi hukwama: sharti la kukiingiza kifaa kwenye kundi lake limeandikwa lilingane na neno zima, programu ya kifaa ikisasishwa namba inabadilika, kifaa kinatoka kwenye kundi lake kimyakimya. Linganisha herufi za mwanzo tu:

substring(option[60].hex,0,5) == 'udhcp'

Kama sharti liko sawa na bado simu inapotea, kagua fungu la kompyuta. Fungu lisilofungiwa kundi lolote humpokea kila mgeni, simu zikiwemo. Kwa hiyo tengeneza kundi la pili la "wasio simu" na ulifungie fungu hilo. Ukimaliza, washa simu upya. La sivyo itaendelea kutumia anwani ya zamani mpaka muda wa kuihuisha ufike.