Somo: Namna ya kuikagua sura ya makazi ya mji wako California

Wengi tukisikia jimbo limeupangia mji nyumba elfu kadhaa, tunadhani mafundi wako njiani. Tangu 1969 sheria ya California inautaka kila mji na kila kaunti ioneshe, ndani ya sura ya makazi ya mpango wake mkuu, mahali ambapo nyumba za watu wa vipato vyote zinaweza kujengwa. Kinachogawiwa ni wajibu wa kutenga ardhi, na humo ndimo ujanja unamojificha.

1. Tafuta namba ya mji wako. Idara ya nyumba ya jimbo (HCD) huupa ukanda mzima hesabu moja, kisha baraza la kikanda huigawia miji. Kusini, SCAG (baraza la ukanda wa Los Angeles na jirani zake) ilipewa nyumba 1,341,827 kwa 2021–2029. Kwa Bay Area, yaani San Francisco na miji inayoizunguka, baraza lake ABAG lilipewa 441,176 kwa 2023–2031, na San Francisco peke yake ikaangukiwa na 82,069.

2. Tazama mafungu ya kipato. Kwa vipindi hivyo, fungu la chini kabisa ni la wanaopata chini ya asilimia 50 ya kipato cha kati cha kaunti. Linalofuata linaishia 80. La juu kabisa liruke tu, wajenzi wenyewe wanalikimbilia.

3. Fungua orodha ya viwanja iliyomo kwenye sura hiyo. Hapa usiwe na haraka. Tuseme mstari mmoja unasema: ekari 1.2, duka na maegesho, nyumba 36 za kipato cha chini. Nenda ukapaone. Duka limejaa wateja, hakuna dalili ya kuhama. Je, mwenye kiwanja aliulizwa? Kwa sheria iliyopitishwa 2017, mji unaotegemea viwanja vyenye majengo kwa nusu au zaidi ya nyumba za kipato cha chini lazima ulete ushahidi mzito kwamba shughuli iliyopo haitazuia ujenzi. Kiwanja kilicho chini ya nusu ekari au zaidi ya ekari 10 nacho hakihesabiwi kwa mafungu hayo bila ushahidi. Piga picha.

4. Andika maoni. Rasimu ya kwanza ya sura huwekwa wazi siku 30 kabla ya kupelekwa HCD, nayo HCD ina siku 90 kuipitia. Taja namba ya kiwanja na uambatanishe picha. Barua ya "tunaomba nyumba nafuu" haimsumbui mtu. Nakala itume HCD pia.

Maswali ya wanachama

*Shukrani mwalimu. Sasa mji ukitimiza namba, mimi napata apatimenti?*
Si moja kwa moja, ndugu yangu. Maombi hupelekwa kwa mwenye jengo au mamlaka ya nyumba ya eneo lako, na foleni zake ni ndefu kweli. Hii ni hatua ya nyuma zaidi: bila ardhi iliyoruhusiwa ghorofa, hata hilo jengo la kuombea halipo.

*Fedha za kujenga zinatoka wapi?*
Nyingi kwenye nafuu ya kodi ya serikali kuu iliyoanzishwa 1986, ambayo kila jimbo huigawa lenyewe kwa miradi inayoshindana. Namba ya HCD haiji na hata senti.

*Rasimu yetu ilishapitishwa. Nimechelewa?*
Kwa orodha, ndiyo. Lakini kila mwaka, kufikia Aprili 1, mji hupeleka ripoti ya vibali ulivyotoa. Iombe, dada, kisha tafuta ule mstari wa duka na maegesho.