Somo: Kofia ya mtoto mchanga kwa mabaki ya uzi wa sweta

Anayefuma sweta za shule hakosi madonge madogo ya uzi: maruni kidogo, kijani kidogo, bluu, kijivu. Hayatoshi sweta nyingine, basi yanakaa kikapuni mpaka nondo wayapate. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu kofia ya mtoto mchanga inakula gramu 20 hadi 25 tu, na kwa mkono uliozoea inaisha jioni moja. Huku Njombe, Juni na Julai baridi inauma kwelikweli, na kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, hivyo joto jingi linapotelea hapo.

Kagua uzi kwanza

Usichanganye sufu na akriliki kwenye kofia moja. Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa inarudi, akriliki hairudi, na kofia itakunjamana. Kama hujui uzi wako ni wa aina gani, choma ncha ndogo. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Subiri ipoe kabisa ndipo uiguse.

Nyuzi zote ziwe na unene mmoja, ule wa kawaida wa sweta. Sindano ni mbili za milimita 4; kwa namba za zamani, zile zilizoandikwa kwenye sindano nyingi za mama zetu, ni namba 8. Wengi tulianza kufuma kwa spoku za baiskeli, lakini spoku ina milimita 2 tu na kofia itatoka ngumu. Bora uchonge mianzi miwili na kuisugua kwa msasa mpaka iteleze.

Sasa pima kama donge linatosha. Kwa kofia hii, pima moja ya uzi, yaani mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, inatosha mstari mmoja. Ukitaka mistari ya rangi, hesabu pima mbili kwa kila mistari miwili. Badilisha rangi baada ya mistari miwili, minne au sita, ili nyuzi zote ziishie upande mmoja, mahali pa kushonea.

Kufuma

1. Shika sindano mbili pamoja kama moja, pandisha vitanzi 72, kisha chomoa sindano moja. Hivyo ukingo unavutika na haumbani mtoto kwenye paji la uso. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya kofia nzuri ikae kabatini bila kuvaliwa.

2. Fuma kitanzi kimoja kawaida (uzi ukiwa nyuma ya sindano), kimoja kinyume (uzi ukiwa mbele), mpaka mwisho wa mstari. Endelea hivyo mpaka sentimita 3.

3. Upande wa mbele fuma kawaida, upande wa nyuma kinyume, mpaka kofia ifike sentimita 10 kutoka chini. Malizia na mstari wa kinyume.

4. Anza kupunguza. Fuma vitanzi 6 kawaida, kisha viwili pamoja. Rudia mpaka mwisho. Vinabaki 63. Mstari unaofuata wote kinyume. Halafu 5 na viwili pamoja (54), kinyume. 4 na viwili pamoja (45), kinyume. 3 na viwili pamoja (36), kinyume. 2 na viwili pamoja (27), kinyume. 1 na viwili pamoja (18), kinyume. Mwisho fuma viwili pamoja mstari mzima, vibaki 9.

5. Kata uzi ukiacha sentimita 40. Upitishe ndani ya vitanzi vyote 9 kwa sindano butu ya kushonea, vuta mpaka tundu lizibe, kisha shona ubavu kwenda chini. Ncha za rangi zifiche ndani ya mshono. Usiweke kifungo, kamba wala pomponi. Mtoto anaweza kuving'oa na kuvimeza.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Uzi wangu ni mwembamba sana, nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Shika nyuzi mbili pamoja. Fuma kipande kidogo cha vitanzi 20 kwanza, uhesabu vinaingia vingapi katika sentimita 10. Mimi hesabu yangu ya 72 imetokana na vitanzi 22. Ukipata 17 au 18, pandisha 54 na uanzie kupunguza kwenye "4 na viwili pamoja". Idadi yoyote inayogawanyika kwa 9 inakubali.

*Mwalimu, hapa Limuru sweta za mitumba ni bei nafuu kuliko uzi mpya. Naweza kufumua?*

Fumua, dadangu, na utapata sufu nzuri. Ila geuza sweta uangalie mishono ya ndani kabla hujalipa. Iliyokatwa na kupigwa ovaloki itakupa vipande vifupi vifupi, kila mstari umekatika. Tafuta ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo. Uzi ukishautoa utakuwa umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya vuguvugu, uanike ukining'inia.

*Nataka kupeleka kofia kwenye wodi ya watoto njiti. Kipimo ni kilekile?*

Hapana, punguza. Kwa sindano zilezile pandisha 54, fuma hadi sentimita 7, ndipo uanze kupunguza. Changanya na chache za 63. Kofia hizi zina kazi kubwa pale mama anapombeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978: mtoto anavaa nepi, soksi na kofia tu, joto lingine linatoka kwa mama. Muulize kwanza muuguzi mkuu wa wodi wanahitaji nini, na utumie uzi laini unaovumilia kufuliwa mara nyingi. Akriliki laini inafaa hapo.

*Sisi tuko Dar, joto. Uzi huuhuu nitengeneze nini?*

Utepe wa kushikia nywele. Pandisha vitanzi 20, fuma kawaida kila mstari bila kinyume, mpaka sentimita 45, funga vitanzi na uunganishe ncha. Unakula gramu 30 hivi. Kwa Dar tumia pamba. Sufu itakutoa jasho.