Somo: Mchore dagaa ndipo umjue

Mwulize mtu wa Kigoma dagaa wa Ziwa Tanganyika ana mapezi mangapi. Wengi watasita, ingawa wamemla tangu utotoni. Macho ya sokoni yanatafuta ubichi na ukubwa wa fungu, basi. Penseli ni tofauti: haiwezi kupita mahali bila kuamua mstari unaanzia wapi na unaishia wapi. Ndiyo maana somo hili halimtafuti msanii. Linamfundisha mtu kutumia mkono wake kuona, kuuliza na kukumbuka, na mwenye mkono mzito atafaidika sawasawa na fundi.

Tenga saa moja na nusu.

Vifaa: dagaa wabichi kumi wa asubuhi ileile, kutoka mwalo wa Kibirizi au Katonga, Kigoma. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi wabichi huadimika. Panga somo wakati wa giza. Chagua ambao mapezi hayajachanika. Andaa pia sahani nyeupe, kitambaa kilicholowa, kijiti cha meno, rula, penseli ya 2B, kalamu nyekundu, karatasi nne za A4 zisizo na mistari na ubao wa kuegemeza. Raba usiilete kabisa. Anayefuta anapoteza ushahidi wa kile alichodhani. Ukikosea, chora mstari mwingine kando ya ule wa kwanza, uone umbali kati ya dhana na samaki.

Hatua ya 1: Gusa ukiwa umefumba macho (dakika 5)

Mlaze dagaa kiganjani. Pitisha ncha ya kidole toka mdomoni hadi mkiani, kisha urudi. Kwenda kunateleza, kurudi kidole kinakwama na magamba yanabanduka, kwa sababu yamelala kuelekea mkiani na ya dagaa hayashiki sana. Mbane taratibu kati ya vidole viwili usikie alivyobapa ubavuni. Sasa, macho yakiwa bado yamefumbwa, chora safari ya kidole: penye utelezi mstari mwepesi, penye kukwama mstari mzito. Mchoro hautafanana na samaki. Uandike namba 1 na uuweke.

Hatua ya 2: Chora bila kutazama karatasi (dakika 10)

Mweke dagaa kwenye sahani, kichwa kushoto. Bandika karatasi kwenye ubao kwa selotepu ili isihame. Weka penseli popote, kisha usiitazame tena. Jicho lianzie ncha ya mdomo na litambae ukingoni mwa samaki kwa mwendo wa konokono. Penseli itambae pamoja nalo, bila kuinuliwa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na kosa ni moja: haraka. Ukimaliza mzunguko kwa dakika moja, umechora samaki uliyemzoea, si huyu aliye mbele yako. Angalia taya tu. La chini linatangulia la juu au yako sawa? Pembe ya mdomo inafika chini ya jicho au inaishia kabla? Mkono ukijikuta umesimama hapo, usiusukume. Umesimama kwa sababu jicho halina jibu. Tazama mpaka lipatikane. Ukichungulia karatasi, anza upya.

Mstari utajikunja na mkia utapita juu ya kichwa. Usijali. Tafuta sehemu moja au mbili ambazo mstari umekuwa na uhai, pengine ukingo wa kifuniko cha matamvua, na uzizungushie duara.

Hatua ya 3: Pima, ndipo uchore (dakika 30)

Pima urefu wa dagaa kwa rula na uzidishe kwa tatu. Mwenye sentimita 8 atakuwa na mchoro wa sentimita 24, nao unaenea vizuri kwenye A4 iliyolazwa, ambayo ina sentimita 29.7. Weka alama mbili kwanza: ncha ya mdomo na ncha ya mkia. Asiyeziweka huanza na kichwa, akikipenda hukikuza, na mkia unakosa karatasi.

Kisha kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa kichwa cha samaki mwenyewe. Kinaingia mara ngapi mwilini? Pezi la mgongoni linaanza baada ya vichwa vingapi? Pima jicho vilevile. Karibu kila mtu hulichora kubwa kupita kiasi, maana ndilo linalotutazama.

Mapezi yamelala mwilini, kwa hiyo yainue kwa kijiti cha meno, moja moja, huku umeyalowesha. Utayapata saba: moja mgongoni, moja la mkia lenye panda, moja nyuma ya mkundu, mawili nyuma tu ya matamvua na mawili katikati ya tumbo. Haya mawili ya tumboni ndiyo husahaulika. Kila unapojiuliza jambo, liandike pembezoni na uchore mshale hadi mahali penyewe.

Hatua ya 4: Funika (dakika 15)

Mfunike samaki na michoro yote. Mchore kwa kumbukumbu dakika tano. Mfunue, na urekebishe kwa kalamu nyekundu. Penye wekundu mwingi ndipo macho yalipopita bila kuona. Rudi hapo na umchore dagaa wa pili ukianzia hapohapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwalimu, Kasulu): Asante kwa somo, mkuu. Nina wanafunzi 70 na ziwa liko mbali. Naweza kutumia dagaa wakavu?

Jibu: Hapana, mwalimu. Mkavu amejikunja na mapezi yamevunjika. Watoto watachora ukavu badala ya samaki. Tumia majani ya mwembe. Kila wawili wapate majani mawili: moja changa lenye wekundu kutoka ncha ya tawi, na moja lililokomaa kutoka chini yake. Hatua ni zilezile, ukianza na kugusa upande wa chini, ambako mishipa imetokeza zaidi. Swali la kuwapa ni moja: mshipa wa pembeni ukikaribia ukingo wa jani, unafanya nini? Wengi watachora mistari iliyonyooka hadi ukingoni. Waambie watazame tena. Unajipinda kabla ya kufika. Kata A4 katikati, utatumia karatasi 35 kwa zoezi moja.

Swali: Samaki wangu anang'aa mno na baada ya nusu saa jicho limekuwa na ukungu. Nakosea wapi?

Jibu: Uko juani, dada. Hamia kivulini karibu na dirisha, mwanga utoke kushoto kama unachora kwa mkono wa kulia, na umfunike kwa kitambaa kilicholowa kila unapopumzika. Mng'ao usiuchore. Ukisogeza kichwa kidogo nao unahama, kwa hiyo si sehemu ya umbo lake. Acha karatasi ibaki nyeupe hapo.

Swali: Simu inapiga picha kwa sekunde moja. Kwa nini nijitese?

Jibu: Picha ni nzuri kwa kutunza rangi, piga. Lakini simu ndiyo iliyotazama, si wewe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitoa majaribio yao: watu walikumbuka zaidi maneno ya vitu walivyovichora kuliko maneno waliyoyaandika tena na tena. Na hawakuwa wachoraji.

Swali (Ujiji): Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua ya 3 kwa dagaa watatu. Wawili wana mapezi saba. Wa tatu nimehesabu mara nne, mgongoni ana mawili, jumla nane. Nimekosea?

Jibu: Marahaba. Hujakosea, na hongera kwa kurudia mara nne. Mwinue tena na ukague mambo matatu. Pezi la mbele mgongoni linachoma kwa miiba? Kuna mstari mwembamba unaopita ubavuni hadi mkiani? Mapezi ya tumboni yamesogea mbele, karibu chini ya yale ya matamvua? Kama ni ndiyo kwa yote, huyo si dagaa. Ni mtoto wa mgebuka, samaki mwingine wa ziwa hilohilo. Wadogo wao hunaswa pamoja na dagaa kwenye wavu uleule wa usiku, na fungu likishamwagwa wote ni weupe, wembamba, wa urefu mmoja. Dagaa hana miiba mgongoni wala mstari ule ubavuni. Mlaze kando ya mwenzake, vichwa upande mmoja, uwachore wote wawili kwenye karatasi moja kwa kipimo kimoja, kisha utuwekee hapa mchoro ukiwa na maswali yako ya pembezoni.