Kabla hujakubali kukatwa mfuko wa chakula

Nilikuwa na kilo 128 na urefu wa mita 1.62. Daktari alizidisha 1.62 kwa 1.62, akagawanya kilo zangu kwa jibu lile, ikatoka 48.8; namba hiyo huitwa BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Piga hesabu yako ukiwa nyumbani. Zamani upasuaji wa kupunguza uzito ulianzia BMI ya 40, au 35 kwa mwenye kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikashusha: 35 hata kama huna ugonjwa, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari aina ya pili.

Hospitali ya kwanza niliyopiga simu ilinitajia bei hata kabla ya kuniuliza ninaumwa nini. Nikaiacha. Tafuta mahali utakapokutana pia na mtu wa lishe na wa afya ya akili.

Uliza unafanyiwa upasuaji gani. Mimi nilikatwa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kilichotolewa hakirudi. Wengine hutengenezewa kifuko cha mililita 30 hivi na kuunganishwa na utumbo. Kama kiungulia kinakusumbua, sema mapema, maana njia yangu inaweza kukizidisha. Puto la kuwekwa ndani ya mfuko wa chakula ili ushibe haraka si upasuaji. Huwekwa kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa.

Halafu, nakuomba sana, jaribu maisha ya baadaye mwezi mzima kabla hujalipa chochote. Kula kwenye kisahani cha chai. Anza na samaki, yai au maharage, ugali uwe wa mwisho. Tafuna hadi kilainike kabisa. Usishushie na maji. Subiri nusu saa. Leo kwenye harusi nakula vijiko vinne vya pilau, na mama mkwe ilibidi nimweleze mapema asidhani nimemsusia.

Weka kwenye bajeti vitamini na vipimo vya damu vya maisha yote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Sigara iache. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na uzazi wa mpango uupange na daktari, kwani vidonge vinaweza visifanye kazi vizuri.

Ukisharuhusiwa kurudi nyumbani, anayelala karibu nawe ajue dalili hizi: moyo kwenda mbio, homa, tumbo kuuma kwa nguvu, kupumua kwa shida. Mrudi hospitali usiku huohuo.