Kuchagua kifaa cha kukazia bolti kubwa: anza na bolti, si na spana

Wengi huuliza spana gani ina nguvu zaidi. Swali la kwanza ni jingine: bolti yako inatakiwa ivutike kiasi gani? Nati inapokazwa, bolti hurefuka kidogo, na kule kuvutika ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Spana ya toku haipimi mvuto huo. Inapima toku, yaani ugumu wa kuzungusha nati, basi. Na ugumu huo kwa sehemu kubwa ni msuguano: takriban nusu ya nguvu yako inaliwa chini ya uso wa nati, asilimia 40 hivi kwenye hesi (mikato inayozunguka bolti, ambayo nati hupitia), na asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti.

Tazama bolti ya M20, yaani ya kipenyo cha mm 20, ya daraja la nguvu 8.8. Mzigo wake wa ukomo, ambao ikiuvuka huna hakika kwamba itarudi urefu wake, ni karibu kilonewton 147. Tuseme unataka ifike robo tatu ya hapo, yaani kilonewton 110. Hesabu ni toku = K × kipenyo × mvuto, ambapo K ni namba ya msuguano. Bolti kavu ya chuma huwa na K ya karibu 0.2, kwa hiyo 0.2 × 0.020 × 110,000 inakupa Nm (newton-mita) 440. Sasa paka bolti hiyohiyo mafuta, K ishuke hadi 0.15, halafu kaza kwa Nm 440 zilezile: mvuto unafika kilonewton 147, ukomoni kabisa. Paka grisi ya molibdeni yenye K ya 0.12, na unafika 183. Bolti hiyo imeshaharibika, na spana yako haikukosea hata kidogo.

Ndiyo maana jedwali la toku lisilosema kama bolti ni kavu au imepakwa nini halifai kufuatwa. Kabla hujatoa pesa kununua mashine, nunua grisi ya aina moja, tumia washa ngumu, na paka hesi pamoja na uso wa nati unaozunguka. Hapo bolti zote zitavutika karibu sawa.

Kwa toku ndogo na za kati, spana ya mkono inayolia "klik" inatosha. Mtu akivuta kwa newton 400 kwenye mkono wa mita moja anapata Nm 400. Zaidi ya hapo kazi inakuwa ya kuning'inia, na anayening'inia hasikii klik. Chagua spana ambayo toku yako itaangukia katikati ya kipimo chake. Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu spana za klik kukosea hadi asilimia 4 juu au chini kwa zile zinazozidi Nm 10, lakini usahihi huo haudaiwi chini ya sehemu ya tano ya kipimo. Spana ya Nm 500 si ya kukazia Nm 60. Vuta polepole, mkono ukiwa katikati ya mshikio, na ukisikia klik acha. Kuvuta mara ya pili "kuhakikisha" ni kuzidisha. Usiifanye nyenzo ya kufungulia nati zilizoganda, wala usiongezee bomba kwenye mshikio.

Ukifunga adapta ya mguu wa kunguru, yaani kichwa cha spana ya mdomo kinachofungwa mbele ya spana ya toku, kwa kuwa soketi haiingii, urefu wa mkono umebadilika. Kama spana ina mm 500 na adapta imeongeza mm 50 mbele, weka kipimo kwenye toku unayoitaka × 500 ÷ 550. Ukitaka Nm 220, weka 200. Adapta ikigeuzwa nyuzi 90 pembeni, kipimo hubaki kilekile.

Mashine ya kugonga, iwe ya upepo au ya betri, ni ya kuteremsha nati haraka na kufungua. Isimalizie kazi. Kila pigo hubadilika kulingana na shinikizo la hewa, chaji ya betri, urefu wa ekstensheni na uchovu wa soketi. Na soketi ziwe nyeusi za kugongea; zile za kung'aa hupasuka.

Kwa Nm 1,000 hivi pasipo pampu, tumia kizidisha toku, kisanduku cha gia kinachoongeza toku ya mkono wako. Cha 5 kwa 1 ukikiingizia Nm 200 hakikupi 1,000 kamili, kwa sababu gia nazo zina msuguano, hivyo soma uwiano halisi ulioandikwa kwenye kifaa. Mkono wake wa kuegemea lazima ukae kwenye kitu kigumu, kwa kuwa unabeba nguvu yote inayorudi. Vidole vinavyokatika kwenye kazi hii hukatika hapo.

Zaidi ya hapo ni haidroliki, ambayo pampu yake kwa kawaida hufika bar 700. Kuna ya soketi ya mraba, inayofaa penye nafasi juu ya nati, na ile nyembamba ya kukumbatia nati, kwa penye bolti ndefu zilizochomoza au pamebana. Shinikizo hugeuzwa kuwa toku kwa jedwali la kifaa chenyewe, si la kingine kinachofanana nacho. Endelea kubonyeza mpaka nati isisogee tena kwenye shinikizo ulilopanga.

Tenshona ya haidroliki haizungushi nati kwa nguvu. Inaivuta bolti moja kwa moja, kisha nati inateremshwa kwa mkono, hivyo msuguano hauna neno kubwa. Inahitaji hesi ichomoze juu ya nati angalau kipenyo kimoja cha bolti. Shinikizo likiachiwa, sehemu ya mvuto hupotea, na bolti fupi hupoteza zaidi. Kwa hiyo inalipa kwenye bolti ndefu na nyingi zinazokazwa pamoja.

Kwenye flanji (sahani za kuungia mabomba) yenye gasketi ya kuzuia kuvuja, kifaa kizuri hakiokoi mpangilio mbaya. Kaza kwa mkono kwanza, kisha asilimia 30, 60 na 100 ya toku kwa kuvuka upande hadi upande. Malizia kwa kuzunguka nati moja baada ya nyingine mpaka hakuna inayosogea. Gasketi hulegea, basi rudia mzunguko huo baada ya saa nne au zaidi, mfumo ukiwa bado hauna shinikizo.

Spana ya klik ipelekwe kupimwa usahihi kila miezi 12 au mikazo 5,000, kinachotangulia, na mara moja ikianguka. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo, usiilegeze kupita hapo.